Mlanguzi wa Dawa na Haja ya Mgonjwa



Wapendwa wana wa Mungu, majuma machache yaliyopita, baada ya Misa ya Dominika, kijana mmoja mfanyabiashara alinisubiri penye ngazi za kanisa. Hakuja kuungama, na mwenyewe ameniruhusu kuliandika jambo lake bila kutaja jina wala mahali lilipo duka lake. Ndiyo maana naweza kulisema hapa. Aliniambia hivi: "Baba, zile mvua zilipokata barabara, zahanati iliishiwa dawa ya malaria. Mimi nilikuwa na dozi 12 za mseto dukani. Bei yangu ya siku zote ni shilingi 2,500; nikaziuza kwa 7,500. Kwa siku mbili zikaisha zote. Sikumlazimisha mtu. Je, Baba, nimeiba?"

Nikamwomba anipe juma moja. Wako mapadre wenye majibu ya papo kwa papo. Mimi nilihitaji kwanza kurudi kwenye vitabu nilivyovisoma seminarini na, zaidi ya hapo, kuzungumza na wazee. Ninachoandika leo ndicho nilichokipata, na kwa kuwa jambo lenyewe lina historia ndefu, naomba mnivumilie.

Anayetusoma kutoka mbali asidhani nasema juu ya Hospitali ya Bombo iliyoko mjini Tanga. Bombo yetu ni hii ya Upare ya Kusini, wilayani Same. Mzigo wa dawa ukitoka Moshi hufika Same, ukazunguka upande wa mashariki wa milima kupitia Kisiwani na Gonja, kisha ukaanza kupanda. Kila anayeubeba hutumia mafuta, matairi na siku yake, na ni haki yake kulipwa. Nalitanguliza hili mapema ili mfanyabiashara asije akadhani kwamba Kanisa linamwona mwizi kwa sababu tu bei ya Bombo si bei ya Moshi. Kidonge kilichopanda mlima kina gharama ambayo kidonge kilichobaki mjini hakina. Swali la kijana wetu ni jingine. Dozi zake 12 zilikwisha kupanda mlima kabla ya mvua. Zilikuwa rafuni, zimelipiwa. Kilichobadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi ni homa ya watu na ubovu wa barabara.

Nilipowauliza wazee, jibu lao lilikuwa fupi: "Huyo ni mlanguzi. Wakati wa Sokoine angekiona cha mtema kuni." Vijana wengi hawalijui vizuri neno hili. Kulangua ni kununua bidhaa iliyo adimu, kuishika, na kuiuza kwa faida kubwa kwa mtu asiye na pengine pa kwenda. Katika miaka ya 1970 na 1980 neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila Mtanzania, pamoja na ndugu zake: magendo, bei ya kuruka, mlango wa nyuma.

Uhaba wa miaka ile haukuletwa na walanguzi peke yao, ingawa hotuba nyingi zilisema hivyo. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata tukaingia vitani dhidi ya Idi Amin, na vita vile vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo za kutosha. Bei ya kahawa ilishuka, nanyi wenye migomba na kahawa kwenye miteremko hii mnajua maana yake. Serikali ilikuwa na Tume ya Bei iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na tume hiyo ilipanga bei za bidhaa nyingi kwa nchi nzima. Basi bei ilikuwapo, imeandikwa na kupigwa muhuri, ila bidhaa haikuwapo. Mtu alifika dukani akaambiwa sabuni hakuna. Akizunguka nyuma ya duka, ipo, kwa bei nyingine.

Dawa nazo zilipita njia hiyohiyo. Matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na kuanzia mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali za binafsi zinazoendeshwa kwa faida. Zilibaki za umma na za mashirika ya dini. Lilikuwa kusudio jema, nami silibezi: mtoto wa mkulima wa Upare alikuwa na haki sawa na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam. Lakini dawa zilihitaji fedha za kigeni. Hata viwanda vyetu wenyewe, Keko cha Dar es Salaam na kile cha TPI cha Arusha, vilitegemea malighafi kutoka nje. Na hicho kidogo kilichopatikana kiliishia zaidi katika hospitali kubwa za mijini, huku zahanati ya kijijini ikibaki na mganga, kitanda na kabati tupu. Penye kabati tupu ndipo mlanguzi anapofungua duka. Wazee wanasimulia jinsi vidonge vilivyonunuliwa kwa fedha za umma vilivyouzwa kimojakimoja sokoni, vimefungwa katika karatasi ya daftari, na mnunuzi hakuthubutu kuuliza vimetoka wapi, kwa maana mtoto alikuwa anatetemeka nyumbani.

Mwishoni mwa Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza ile operesheni ya kupambana na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwa maelfu. Bunge lilipitisha sheria ya pekee iliyofanya kazi hata kwa makosa yaliyotendwa kabla haijatungwa. Washtakiwa hawakuwa na dhamana wala wakili, na kesi zao zilisikilizwa na baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida. Wananchi walishangilia. Kwa siku kadhaa bidhaa zilizofichwa zilijitokeza, na nyingine zilitupwa usiku vichakani na mitoni na wenye mali walioogopa kukutwa nazo. Hebu fikirini: bidhaa zilizokuwa adimu, zimetupwa!

Sokoine alikuwa mtu mwadilifu, na taifa lilimlilia kwa haki alipofariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro tarehe 12 Aprili 1984. Lakini historia haimtendei heshima yeyote kwa kuficha kilichofuata. Baada ya hofu, rafu zilikuwa tupu kuliko mwanzo, kwa kuwa hata mfanyabiashara wa halali aliogopa kukutwa na katoni mbili za kitu chochote. Katika mwaka huohuo wa 1984 sheria ile ya dharura iliondolewa, ikatungwa nyingine iliyorudisha kesi hizo mikononi mwa Mahakama Kuu, na bajeti ya mwezi Juni ikawaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mlanguzi aliyefungwa nafasi yake ilichukuliwa na mwingine, kwa sababu kile kilichomzaa, yaani kabati tupu, hakikuwekwa pingu.

Kwa upande wa dawa, kilichompunguzia mlanguzi nguvu katika miaka ile kilikuwa kitu kidogo mno, ambacho sijawahi kusikia kikiimbiwa wimbo: sanduku. Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani, chini ya Mkurugenzi wake Halfdan Mahler, lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, zipatazo 200 hivi, likisema kwamba nchi maskini haihitaji maelfu ya majina ya biashara. Inahitaji dawa chache zilizothibitishwa, zipatikane siku zote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolichukua wazo hilo kwa uzito. Kuanzia mwaka 1983 na 1984, kwa fedha za Denmark na kwa ununuzi uliofanywa kupitia UNICEF, ulianza Mpango wa Dawa Muhimu. Kila zahanati na kila kituo cha afya vijijini kilipelekewa dawa za mwezi zikiwa zimefungashwa tayari ndani ya sanduku lililofungwa huko zilikotoka, lenye orodha ya kilichomo. Aliyelibeba hakuwa na ruhusa ya kulifungua. Aliyelipokea alijua idadi ya vidonge vilivyopaswa kuwamo. Mlanguzi hupenda giza kati ya ghala na mgonjwa, na orodha ile ilipunguza giza hilo.

Sanduku halikuwa malaika. Yaliyomo yalikuwa yaleyale kwa zahanati ya nyanda za malaria na kwa zahanati ya mlimani kwenye baridi. Mahali pengine dawa za malaria ziliisha kabla ya katikati ya mwezi wakati nyingine zilirundikana hadi zikaharibika. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, vituo vikaanza kuagiza kulingana na mahitaji yao. Bohari ya Dawa, hii MSD tunayoijua, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, mwaka uleule ambao uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Kanisa nalo halikukaa pembeni. Jirani zetu wa Kenya waliunda mwaka 1986 chombo kiitwacho MEDS, ambapo Wakatoliki na Waprotestanti walinunua dawa kwa pamoja na kuzisambaza kwa hospitali na zahanati zao, kwa kuwa anayenunua kwa wingi hapangiwi bei kama anayenunua kopo moja.

Haya yote ni historia ya serikali na mashirika. Kijana wetu lakini hakuniuliza juu ya serikali. Aliuliza juu ya nafsi yake, na hapo inabidi turudi nyuma zaidi.

Mababa wa Kanisa walilijua jambo hili kwa njia ya nafaka. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya 4, aliwakemea waliosubiri njaa ili wafungue ghala zao. Alisema kwa maneno mazito kwamba faida ya namna hiyo ni uvamizi. Manabii walikwisha kusema kabla yake. Someni Amosi sura ya 8. Aliyelichambua jambo kwa utulivu zaidi lakini ni Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa yake, swali la 77. Anasema hivi, kwa maneno yangu: ikiwa muuzaji atapata hasara kwa kuachana na kitu chake, yu huru kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa muuzaji hapati hasara yoyote ya ziada, na ni mnunuzi tu mwenye haja kubwa, haruhusiwi kupandisha bei kwa sababu ya haja hiyo. Kwa nini? Kwa kuwa haja si ya muuzaji. Ni ya mnunuzi. Na hakuna mtu mwenye haki ya kuuza kitu kisicho chake.

Niliposoma tena mistari hiyo usiku, mvua ikigonga bati, niliona nimepata nusu ya jibu. Kijana wetu aliuza vitu viwili kwa bei moja. Cha kwanza ni dozi ya mseto, nayo ilikuwa mali yake. Cha pili ni homa ya mtoto wa jirani, na hiyo hakuinunua popote.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inarithi mafundisho hayohayo inapohesabu, chini ya amri ya saba, tendo la kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Chini ya amri ya saba, wapendwa. Yaani katika mlango wa wizi.

Lakini nusu ya pili ya jibu ni ngumu zaidi, nayo inatoka kwa mtu ambaye wengi wetu hatujamsikia, Kardinali Juan de Lugo. Alizaliwa Madrid mwaka 1583, akawa Mjesuiti, akafundisha teolojia Roma miaka mingi. Mwaka 1642 alichapisha kitabu kikubwa juu ya haki na sheria, na humo, alipofika kwenye bei, alikiri kwamba bei ya haki kwa usahihi wa kihesabu inajulikana na Mungu peke yake. Sisi wanadamu tunaikadiria tu, kwa kuangalia wingi na uchache wa bidhaa, wingi wa wanunuzi, na namna jamii inavyokithamini kitu. Kwa hiyo alitoa nafasi pana kwa soko. Wanauchumi wa leo wanaotetea soko huria humtaja kwa furaha.

Wasichokitaja mara nyingi ni alichokifanya mtu huyohuyo nje ya kitabu. Roma ya wakati ule ilikuwa mji wa malaria. Mabwawa yaliuzunguka, na homa ya kiangazi iliua masikini na wakuu. Makardinali waliokusanyika kumchagua Papa mwaka 1623 waliugua wengi, na baadhi wakafa. Katika miaka iliyofuata Wajesuiti wa Amerika ya Kusini walileta magome ya mti unaoota kwenye milima ya Andes, ambao wenyeji walijua nguvu zake. Ni mti huo uliokuja kutupatia kwinini. Magome yakisagwa na kunywewa, homa ilikatika. Mara moja yakawa dhahabu. Wafanyabiashara wakayauza kwa bei ambayo masikini hawakuiweza, na wengine wakachanganya magome ya miti mingine ili kuongeza uzito, wakampa mgonjwa uchungu usio na dawa ndani yake.

De Lugo, aliyefanywa kardinali mwaka 1643, aliyanunua magome hayo kwa fedha zake na kuyagawa bure kwa masikini wa Roma. Duka la dawa la chuo cha Wajesuiti lilitoa pia karatasi iliyochapishwa, yenye maelezo ya namna ya kuitumia dawa na kipimo chake, ili mtu yeyote aweze kujua. Watu wakaiita unga wa Wajesuiti, au unga wa Kardinali. Huko Uingereza baadhi ya Waprotestanti waliuogopa kwa jina lake tu. Leo hii hapa Upare tunameza dawa moja na Walutheri na Wasabato na Waislamu, na malaria haijawahi kuuliza mtu dhehebu lake.

Naomba tukae hapa kidogo. Mwalimu aliyesema bei kamili ya haki anaijua Mungu tu, hakungoja kuijua ndipo atende. Na hakuwakataza wauzaji wote wa magome wasipate faida. Aliweka bakuli la bure katikati ya mji, na karatasi yenye maelekezo kando yake. Aliyekuwa na bakuli hilo karibu hakulazimika tena kupiga magoti mbele ya mchuuzi.

Mti ule ulisafiri. Waholanzi waliupanda Java, wakaja kushika karibu kwinini yote ya dunia, na mwaka 1913 wakulima na wenye viwanda walipatana wakaunda Kina Bureau mjini Amsterdam, chombo cha kupanga bei na kiasi cha kuzalisha. Ulikuwa ulanguzi wa kiofisi, wenye wino na mihuri. Sisi wenyewe tuliuonja mti huo: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, katika Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, wakaupanda hapo. Vita vya Kwanza vilipokuja na meli za Waingereza zikaziba bahari, ni magome ya Amani yaliyochemshwa kuwatibu askari wa Lettow-Vorbeck, hadi mapigano yalipoteremka kando ya reli hii ya Same na Mkomazi mwaka 1916. Wapagazi waliobeba mizigo yao, Wapare wakiwamo, hawakuwa wa kwanza katika foleni ya dawa hiyo.

Turudi kwenye mseto. Malaria ilipozoea klorokwini, Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kuchukua SP. Nayo ilipochoka, mwishoni mwa 2006 tukaingia katika dawa mseto. Ilikuwa dawa nzuri, lakini ya gharama. Katika maduka ya binafsi iliuzwa kwa bei ambayo mkulima aliitazama tu, akanunua vidonge vya zamani visivyoponya. Kati ya kiwanda na kijiji palikuwa na mwagizaji, muuzaji wa jumla, muuzaji wa jumla mdogo, mbeba mzigo na mwenye duka, kila mmoja akiongeza chake.

Ndipo mwaka 2010 ukaja mpango wa majaribio wa Mfuko wa Dunia uitwao AMFm, katika nchi saba zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Ruzuku ilitolewa juu kabisa, kwa mtengenezaji, ili bei ishuke kabla dawa haijaingia mikononi mwa mtu wa kati. Pakiti zilichapwa alama ya jani la kijani. Na hapa Tanzania Bara bei elekezi ya dozi ilitangazwa hadharani: shilingi 1,000. Wataalamu wengi walitabiri kwamba watu wa kati wataila ruzuku yote. Tathmini huru iliyotoka mwaka 2012 ilionyesha kwamba bei zilishuka kweli katika nchi nyingi za majaribio, na dawa ikapatikana zaidi. Mwenye duka hakuwa ameongoka kwa siku moja. Mteja alijua bei, alilijua jani, na duka la pili lilikuwa nalo pia.

Mpango ule kwa umbo lake la kwanza ulikwisha baada ya 2013. Na mwaka 2014 tukaona tena kabati tupu: serikali ilikuwa na deni la makumi ya mabilioni ya shilingi kwa Bohari ya Dawa, hospitali zikakosa mahitaji, wagonjwa wakaandikiwa karatasi waende wakanunue nje. Bajeti ya dawa ilipandishwa baadaye, kutoka shilingi bilioni 31 mwaka 2015/16 hadi bilioni 251 mwaka 2016/17, na vidonge vya umma vikawekwa alama ya GOT ili vikionekana dukani vijulikane ni vya nani. Nalitaja deni lile kwa sababu ni rahisi kumlaani mwenye duka la mwisho, yule tunayemwona. Asiyelipa deni kwa wakati, akiwa ofisini mbali, naye ameshika mkono katika ile bei ya 7,500, ingawa hakugusa hata shilingi moja.

Nasi tusijione watakatifu. Mwaka 2011 watu wetu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Dawa ile haikuthibitishwa kuponya, na walioacha dawa zao za hospitali kwa ajili yake walidhurika. Lakini angalieni bei: mzee yule alisema shilingi 500, na foleni ilipofika kilomita nyingi bado ilikuwa 500. Waliopandisha bei ni wenye magari, wauza maji na wauza chakula njiani. Mnakumbuka pia mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia. Barakoa na vitakasa mikono vilipanda bei mara moja mijini, tukawalaani wauzaji. Kisha ikavuma kwamba tangawizi inasaidia, na tangawizi ikapanda nayo. Sisi wa milima ya Same ndio wenye tangawizi. Jirani zetu wa Mamba Myamba wanaijua biashara hiyo kuliko mtu yeyote nchini. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyekuja kwenye ngazi za kanisa kuniuliza kama ameiba. Najiweka humo, kwa kuwa shamba la parokia nalo lilivuna.

Kijana alirudi baada ya juma. Tulikaa ofisini na daftari lake, na nilimweleza nilichokisoma. Alinisikiliza, kisha akanipa hoja ambayo haimo kwa Mtakatifu Tomaso kwa namna hiyo: "Baba, nilipokwenda kununua dozi nyingine, aliyeniuzia mjini naye alikuwa amepandisha. Na bodaboda alinidai mara mbili kwa sababu ya matope." Hoja ya haki. Tukapiga hesabu. Ziada aliyoipata ni shilingi 5,000 kwa kila dozi, yaani 60,000 kwa zote. Gharama iliyomwongezea kurudisha dozi 12 rafuni, kwa bei ya mjini na kwa bodaboda, ilikuwa 18,000. Hiyo ni yake, na akiihesabu katika bei hamdhulumu mtu. Zilizobaki ni 42,000. Kwa dozi 12 ni shilingi 3,500 kila moja.

Nilimwambia kwamba Kanisa hufundisha kurudisha, na kwamba asipowajua aliowauzia, huwapa masikini. Akafungua daftari ukurasa mwingine. Aliwajua wote, nusu yao walikuwa wamekopa, majina yameandikwa kwa peni nyekundu.

Hadi ninapoandika amewafikia kumi. Wale waliokopa amewapunguzia deni. Mama mmoja alikataa kupokea, akasema asingekuwa na duka lile mjukuu wake asingepona, na kijana hakujua aseme nini. Amenunua sukari akampelekea. Wawili bado: mmoja amehamia Ndungu, na mwingine hatujui yuko wapi.

Ameomba jambo moja zaidi, nami nimekubali: karatasi ya bei zake za dawa za malaria, za kuhara na za homa za watoto ibandikwe mlangoni pa duka, na nakala yake kwenye ubao wa matangazo wa parokia, karibu na ratiba ya Misa. Wenye maduka mengine mnakaribishwa kuleta za kwenu. Nao wajumbe wa kamati ya zahanati wanakumbushwa kwamba mzigo wa dawa ukifika hufunguliwa na kuhesabiwa mbele yao, orodha ikiwa mkononi. Mara iliyopita walikuja wawili tu.